Mkate Huku, Mafuta Kule

Enoch Alderson, mtia nyama chumvi wa bonde la Swale,
aliacha wosia wa mistari saba, kwa penseli,
na mstari wa tano ndio uliowatoa watu jasho
katikati ya theluji ya Februari:

*Vilivyomo lada apewe Dorcas.
Vilivyomo pantri apewe Winifred.*

Basi.

Sisi tungesema stoo, yakaisha.
Au tungesema pale nyuma ya jiko,
na mkono ukaonyesha.
Lakini Kiingereza ni nyumba ya mawe:
kila aliyewahi kuivamia alijenga chumba chake,
akaondoka, ufunguo akausahau mlangoni.

Winifred, ambaye hakuwahi kuhama, alisema:
lada iko kaskazini, jua halijawahi kuipigia hodi.
Ina bamba la jiwe jeusi, usawa wa kiuno,
baridi kama pua ya mbwa.
Dirisha lake ni wavu, si kioo.
Kulabu nne darini, na mapaja ya nguruwe
yananing'inia tangu Novemba, yakitoa machozi ya chumvi.
Jina lenyewe limechuruzika kutoka kwenye mafuta yake.
Na pantri? Pantri ni mkate.
Jina hilo lilivuka mlango wa bahari
likiwa na unga kwenye kucha.
Ni pakavu: sukari, jamu ya plamu
yenye mwaka juu ya kifuniko,
sahani za Krismasi ambazo hakuna anayezipenda.
Huku adui ni nzi, kule adui ni panya.
Asiyejua tofauti atakula ukungu.

Dorcas alikuwa ameishi Toledo, Ohio,
miaka thelathini na sita.
Kule, alisema, lada ni neno la vitabuni.
Kila kitu ni pantri: kabati la mlango wa kukunja,
taa inayojiwasha, makopo ya maharage,
karatasi za chooni, chakula cha paka.
Nyama tunaitia kwenye friji,
na friji haina kaskazini.
"Kwa hiyo mimi," alisema,
"Baba amenirithisha neno tupu."

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Bwana Pickersgill, wakili, anayelipwa kwa saa,
alichukua futi kamba
akaenda kupima.

Akakuta chumba kimoja.

Mwaka aliofariki mkewe,
Enoch aliuvunja ukuta wa kati kwa nyundo, usiku,
asimwambie mtu sababu.
Winifred aliisikia ile nyundo.
Alijifanya amelala.
Asubuhi akafagia chokaa, akachemsha chai.
Kilichobaki ni kovu sakafuni,
upande mmoja mawe, upande wa pili vigae,
na juu ya kovu, nusu huku nusu kule,
debe la mkate.

Ndani hamkuwa na mkate.
Mlikuwa na barua za Toledo, zote,
hata kadi ya mwaka ule Dorcas alipoandika
maneno manne tu na kuweka saini,
zimefungwa pamoja kwa uzi
wa kutundikia nyama.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.
Pickersgill alikohoa.
Kisha Winifred akaliendea bamba,
akatoa bakuli la mafuta ya choma,
meupe juu, chini kahawia kama udongo wa bustani.
Mkate wenyewe ulikuwa wa kituo cha petroli,
umekatwa tayari, laini kama sifongo,
aibu kubwa kwa marehemu.
Akaupaka. Akampa mdogo wake kipande.

Wakili aliuliza: debe hili niliandike upande gani?

Dorcas, kinywa kimejaa,
alionyesha kwa mkono, pale,
halafu akaomba chumvi.